UZI: Alcoblow na hesabu tunayopiga kichwani

Wakuu, haya ndiyo niliyosema kwenye kikao cha Jumapili usiku. Wengi mliingia mkiwa mmechelewa mkaomba niandike, basi nimeandika vile nilivyoongea. Kanuni ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukitaja, nakutoa.

Siasa ikipamba moto suala hili hurudi. Upande mmoja unasema Alcoblow ni ya kunyanyasa raia na kuua biashara za usiku, iondolewe. Mwingine unataka kiwango kishushwe hadi sifuri. Nimewasikiliza wote, na walio wengi wanachukulia kwamba mtu mzima akiwa mezani anaweza kujua amefika wapi. Hawezi.

Kanuni za mwaka 2011 zinasema usizidishe miligramu 0.35 za pombe kwa lita moja ya pumzi. Kwa damu, hiyo ni kama miligramu 80 kwa mililita 100. Sasa niambieni, nani hapa amewahi kuhisi miligramu 80? Unachohisi ni kuchangamka, na mnywaji mzoefu anaweza kukaa ametulia kabisa akiwa na 150. Mazoea yanaficha dalili, hayapunguzi pombe kwenye damu.

Kuna mtu aliuliza, "si nihesabu tu chupa?" Sawa, tuhesabu. Fomula inayotumika mpaka leo ni ya Mswidi Erik Widmark, ya 1932. Unachukua gramu za pombe, unazigawa kwa uzito wako, ukishauzidisha kwanza kwa namba inayokadiria maji ya mwili: wastani 0.68 kwa wanaume, 0.55 kwa wanawake. Halafu unatoa ile ambayo mwili umeshaichoma.

Bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina gramu 16.6 hivi. Wanaume wawili wa kilo 70 wamekunywa nne kila mmoja: kila mmoja anafika 139. Masaa matatu yamepita tangu waanze. Miili mingi hutoa kati ya 10 na 20 kwa saa. Wa 20 amebaki na 79. Wa 10 amebaki na 109. Meza moja, chupa sawa, saa ile ile, na mmoja wao analala seli. Hakuna anayejua yeye ni yupi! Na zile 0.68 na 0.55 ni wastani tu, mwili wako haujaapa kuzifuata.

Mwanamke wa kilo 60 akinywa hizo nne, hesabu inaanzia 200. Kwa hivyo ule ushauri wa "hizo hazina neno" kutoka kwa jamaa wa kilo 95 ni wake peke yake.

Na hapo nimetumia bia, ambayo nguvu yake imeandikwa kwenye chupa. Kinywaji kikali ulichomiminiwa na rafiki bila kipimo, ama chang'aa, hujui hata umeanza na gramu ngapi.

Halafu kuna muda. Pombe huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya kuweka glasi chini, na ukiwa umekula nyama choma ya kutosha kilele kinaweza kuchelewa zaidi ya saa nzima. Mtu anatoka klabu akiwa sawa, anafika kizuizini akiwa amepanda. Asubuhi nayo? Aliyelala saa nane usiku akiwa na 180, akipunguza 15 kwa saa, saa kumi na mbili bado ana 120. Ameoga, amekunywa supu na kahawa, anapeleka watoto shule. Supu haiharakishi ini.

Turudi kwa siasa. Sifuri angalau inaondoa hesabu yote, na kwa madereva wa matatu mimi naiunga mkono. Lakini namba pekee haitoshi. Uskoti ilishusha kutoka 80 hadi 50 Desemba 2014, na utafiti uliochapishwa baadaye kwenye jarida la Lancet haukuona ajali zikipungua. Watafiti wenyewe walitaja ukaguzi barabarani ambao haukuongezwa.

Wanaotaka iondolewe nao wana hoja, ila si ile wanayopiga kelele nayo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema kanuni hizo hazikuoana na Sheria ya Trafiki. Kifungu cha 44 kinazungumzia mtu aliyelewa hadi kushindwa kudhibiti gari, faini hadi shilingi 100,000 ama jela hadi miaka miwili, ama vyote. Mashine inauliza namba, sheria inauliza kama ungeweza kushika usukani. Kuziba hilo pengo ni kazi ya Bunge, si ya polisi wa usiku.

Kwa hivyo wakija kuomba kura, msiwaulize kama wanapenda Alcoblow. Waulizeni kifungu cha 44 wataandikaje. Mashine zitakaguliwa usahihi kila baada ya muda gani, na nani? Aliyepuliza dakika mbili baada ya kumeza atasubiri dakika 15 apimwe tena, ndiyo ama hapana? Na saa tisa usiku, nje ya mji, aliyeacha gari baa atarudi nyumbani na nini?