MBOLEA YA RUZUKU NI SHAURI LA MFANYAKAZI PIA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Butali)

Ndugu wanachama,



Tumesikia baadhi yetu wakisema, "Mimi ni mfanyakazi, mambo ya mbolea ni ya wakulima." Neno hili si sawa. Ni nani kati yetu asiye na kipande cha mahindi nyumbani, kiwe cha baba au cha kukodi? Mshahara huisha kabla ya mwezi kwisha, na siku zilizobaki twala mahindi aliyoyalima mama watoto. Basi mahindi yale ni sehemu ya mshahara ambayo mwajiri hailipi. Yakikosa mbolea, ni sisi tuliokatwa.

Ruzuku si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1942, wakati wa vita, sheria ya wakoloni iliwahakikishia walowezi malipo kwa kila eka waliyolima kwa kibali, hata mavuno yakiharibika. Mwafrika alilipwa bei ya chini kwa mahindi yale yale. Kwa hiyo mtu asione haya kuchukua ruzuku, kana kwamba anaomba sadaka. Ni fedha za kodi, nasi twalipa kodi kila tununuapo sukari, ambayo twaikata wenyewe!

Septemba 2022 Serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka 2023 ikashuka tena hadi 2,500. Hilo twalishukuru. Lakini mfuko hauji mlangoni. Sharti uandikishwe kwa chifu, usubiri ujumbe kwenye simu, kisha uende ghalani. Mwenzetu mmoja aliacha zamu akaenda, akapanga foleni tangu alfajiri, na jioni akaambiwa mbolea ya kupandia imekwisha, arudi kesho. Siku mbili za kazi zilipotea. Ukiongeza nauli yake na ya mfuko juu ya pikipiki, ruzuku yake imebaki wapi? Wengine simu iliyoandikishwa ni ya mume aliye Nairobi. Ujumbe wafika huko, na mwenye jembe yuko hapa hana habari.

Tena kuna lile la 2024. Wakati wa kupanda, mbolea isiyofaa iligunduliwa katika mifuko ya ruzuku, na Serikali ikaahidi kuwafidia walioinunua. Lakini mtu aliyetupa risiti atadai kwa kitu gani? Risiti iwekwe pamoja na kitambulisho, na mfuko mtupu usifanywe kitambaa cha kufunika kuni mpaka mahindi yametoka vizuri.

Halmashauri ya tawi imeshauri mambo haya. Wajumbe watatu watakwenda kwa chifu kuomba siku ya kuandikisha iwe Jumapili, ili wa zamu wasikose, na aliyekodi shamba aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Tutaomba mbolea iletwe karibu kabla ya mvua za Machi. Wakikataa, tutachanga tukodi lori moja, na watu wawili waende kuchukua kwa niaba ya wote, kama ghala litakubali hati zetu.

Majina yapelekwe kwa katibu wa tawi. Aliye zamu ya usiku na ampe mama watoto alipeleke.