Jamaa Waliovuka Mstari



Nimeombwa nieleze kazi ya kamati ya nasaba. Niruhusuni nianze na ukoo usio wetu, wa hapa hapa Marekani.

Zama za ubaguzi, tone moja la damu ya Kiafrika lilimtoa mtu katika weupe. Virginia ililiandika jambo hilo katika sheria yake ya 1924, na marufuku yake ya ndoa za mseto haikubatilishwa hadi 1967. Basi mweusi mwenye ngozi nyeupe aliachiwa mlango wa siri: ahamie asikojulikana, anyamaze, apate kazi na nyumba za wazungu. Kiingilio chake kilikuwa jamaa zake.

Anatole Broyard alizaliwa New Orleans mwaka 1920 katika ukoo wa Kikrioli, akawa mhakiki wa vitabu wa New York Times. Wanawe waliolelewa Connecticut walijihesabu wazungu. Na shangazi yao Shirley? Aliolewa na Franklin Williams, mwanasheria mweusi aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Ghana, 1965 hadi 1968. Fikirini, shangazi ni mke wa balozi, na watoto hawamjui! Waliambiwa na mama yao mwaka 1990, baba akikaribia kufa. Yeye mwenyewe ulimi ulimwia mzito. Binti yake Bliss alihangaika miaka kuwatafuta jamaa, akatoa kitabu mwaka 2007.

Wapo wanaomlaumu marehemu. Mimi lawama naanza kwa waliojenga ukuta.

Sasa daftari letu. Mababu wametajwa wote, hadi Oman. Mabibi watatu wameandikwa "mama wa watoto", basi. Nafahamu sababu. Huko Unguja serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa kabila, hata mgao wa chakula wakati wa vita. Na baina ya hesabu za watu za 1924 na 1931, maelfu waliojiita Waswahili walijiandikisha kwa jina jingine. Mzee aliyeandika daftari alikuwa akiwalinda wanawe.

Leo hatuna wa kumficha. Bi Mkubwa wetu anawakumbuka wawili, mmoja Mnyasa, mmoja Mmanyema, na majina yao anayo. Wa tatu bado.

Karatasi ziko mezani karibu na mlango. Ameomba aulizwe asubuhi, kwani mchana huchoka.