Kona hadi Kona: Upimaji wa Majumba ya Kale Kabla ya Ukarabati, Kilwa na Pwani ya Lindi



1. Utangulizi

Nakumbusha yale ambayo hakuna miongoni mwetu asiyeyajua: kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakahesabiwa kuwa hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa katika hatari hiyo mwaka 2014, na kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda majengo yaliyotangulia mwaka 1863, ilhali jengo la baadaye huhitaji tangazo la Waziri ili lilindwe.

2. Maana

Kupima jengo ni kulichukulia vipimo vyake kama lilivyo, si kama lilivyokusudiwa liwe, na kuvitia katika mchoro wa sakafu, wa kuta na wa mkato. Zana zake ni futi kamba, timazi, pima maji na, siku hizi, vyombo vya leza. Hapa sitakawia.

3. Tatizo lenyewe

Magofu yasiyo na mkaazi yamepimwa kwa uangalifu mkubwa: mwanaakiolojia Peter Garlake alichapisha michoro yake mwaka 1966, mwanaakiolojia mwenzake Neville Chittick akafuatia kwa kitabu chake mwaka 1974, na mradi uitwao Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ukayapima kwa leza. Lakini nyumba ambayo watu wamelala ndani yake usiku wa jana, kule Kilwa Kivinje au Lindi mjini, aghalabu hukarabatiwa kwa mchoro uliochukuliwa kwa nusu saa, urefu mara upana, na kila kona ikadhaniwa kuwa mraba.

Dhana hiyo ndiyo niliyopambana nayo miaka mingi. Wazee wetu walijenga kwa matumbawe na chokaa, wakaezeka kwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki nafasi kubwa, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Na katika chumba kirefu, upotovu mdogo wa pembe unaoanzia mlangoni huwa mkubwa ufikapo mwisho wa ukuta.

Nilikiona kisa hiki kwa macho yangu. Chumba kimoja cha Kivinje kilikuwa na urefu wa mita 6.00 na upana wa mita 2.60 mwanzo na mwisho, hata mpimaji akaridhika na kukichora mstatili. Nilipovuta futi kamba kona hadi kona, ulalo mmoja ulisoma mita 6.65 na wa pili mita 6.43. Maana yake ni kwamba ukuta wa mwisho ulikuwa umehama upande kwa zaidi ya robo mita. Nami nilichelewa kumwonya fundi, kwani, akiutii mchoro, aliukwangua ukuta wa kale ili kona ipate kuwa mraba, akala nusu ya unene wake na kufumua kidaka cha kuwekea taa. Na mvua za masika zilipokuja, ukuta ukapasuka toka juu hadi chini.

Simlaumu fundi yule. Fundi huyo huyo, akianza msingi mpya, hukagua kona zake kwa pembetatu ya tatu, nne na tano. Ila akiingia nyumba ya kale hupewa karatasi na kuambiwa aifuate. Wala siitaji ofisi iliyochora, kwani desturi hii ni yetu sote. Hata hivyo sina budi kusema kwamba kipimo kilichoachwa kingechukua dakika mbili.

4. Mapendekezo

(i) Kila chumba kipimwe ulalo kwa pande zote mbili, kabla ya jambo lolote.

(ii) Unene wa kila ukuta upimwe penye mlango au dirisha, usikisiwe.

(iii) Timazi iteremshwe katika kila ukuta mrefu, na mwinamo uandikwe.

(iv) Vidaka, nakshi na boriti zihesabiwe na zionyeshwe mchoroni.

(v) Mchoro usiokuwa na vipimo vya ulalo usiidhinishwe.

(vi) Fundi apewe ruhusa ya kusimamisha kazi pale mchoro na ukuta visipoafikiana, na ujira wake usikatwe.

(vii) Nakala ya kila mchoro ibaki Kilwa au Lindi, pasiwe na ulazima wa kuifuata Dar es Salaam.

(viii) Nyumba zinazokaliwa zipimwe kwa uangalifu uleule wa magofu.

(ix) Narudia ya kwanza: ulalo kwa pande zote mbili, kila chumba.

5. Hitimisho

Waheshimiwa, pale Kisiwani ukingo wa genge unaliwa na bahari chini ya magofu ya Husuni Kubwa, na kitakachoanguka hakitasalia ila katika michoro ya waliokipima mapema. Nyumba za Kivinje bado zimesimama, na wenyewe wamo ndani. Nawasihi tuwaendee na futi kamba kabla hatujawaendea na tindo.