Kazi ya Mkataba Ng'ambo: Tusiwasahau Manamba

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma, Segerea, Dar es Salaam)



Nimeombwa nizungumze juu ya viza za muda ambazo nchi tajiri huwapa wageni ili wakalime na kuvuna mashamba yao, kisha warudi makwao. Huenda wengine wakaliona jambo hili kuwa la mbali, la watu wa Mexico na Marekani. Lakini kijana wa hapa Segerea aliyemaliza kidato cha sita au chuo cha kilimo, akisikia kwamba ng'ambo wanatafutwa wachuma matunda, safari yake huanzia mikononi mwetu. Barua ya utambulisho hutoka ofisi ya serikali ya mtaa, cheti huthibitishwa shuleni, na mara nyingi mwalimu ndiye huombwa amfafanulie mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza. Tupende tusipende, sisi tumo katika mlolongo huo.

Nianze nyumbani, kwa maana tunalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na tangu hapo mashamba ya Tanga na Morogoro yakawa na njaa ya watu. Wenyeji wa karibu walikuwa na mashamba yao wenyewe, wala hawakuona sababu ya kwenda kukata mkonge kwa ujira wa kijungujiko. Basi watu wakatafutwa mbali: Waha kutoka Kigoma, Wabena kutoka Njombe, Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na wengine kutoka Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, kikajulikana kwa jina la SILABU. Mtu aliandikishwa, akapewa namba, akasafirishwa. Na kutokana na namba ile lugha yetu ikapata neno manamba.

Kipande cha manamba kilikuwa cha siku 30 za kazi. Asipomaliza kipimo alichopangiwa, siku ile haikuhesabiwa, hata kama alishinda juani tangu alfajiri. Mkataba ulipokwisha alirudishwa kwao.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Ujira wa manamba ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, kana kwamba ni mseja, ijapokuwa alikuwa na mke na watoto wanne Kasulu. Mke ndiye aliyelima na kuwalisha watoto. Na mume alipougua au kuvunjika mkono, alirudi kutunzwa na jembe lile lile la mkewe. Kijiji cha Buha kilimlea mtu mpaka akapata nguvu, mkonge ukazitumia nguvu hizo, kisha kijiji kikampokea tena zilipokwisha. Kwa hiyo Buha ilikuwa ikilipa sehemu ya gharama za mkonge wa Tanga, wala malipo hayo hayakuandikwa katika daftari lolote la shamba. Neno "muda" katika mkataba lilikuwa na kazi hiyo: kumwachia mtu mwingine gharama za utoto, ugonjwa na uzee.

Mambo yale hayakubadilika kwa huruma. Wafanyakazi wa Mazinde waligoma mwaka 1958, na vyama vya wafanyakazi vikaendelea kusukuma. Baada ya uhuru kima cha chini cha mshahara kilipandishwa, uandikishaji wa manamba ukafa katika miaka ya 1960, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikawa mali ya umma. Tanganyika iliyojitawala ilikataza pia kuandikishwa kwa watu wetu kwenda migodi ya Afrika Kusini.

Sasa twende Marekani. Wakati wa vita, mwaka 1942, nchi ile ilipatana na Mexico kupelekewa wakulima wa mkataba. Mpango huo, ulioitwa Bracero, uliendelea mpaka mwaka 1964, na mikataba zaidi ya milioni 4 ilitiwa saini. Katika miaka ya mwanzo asilimia 10 ya ujira ilizuiwa, mfanyakazi akiambiwa atalipwa atakaporudi kwao. Wengi hawakuiona fedha hiyo, na miongo mingi baadaye wazee wale walikuwa bado wanaidai. Viza ya H-2A inayotumika leo ilitokana na sheria ya mwaka 1986, na katika miaka ya karibuni nafasi zinazoidhinishwa zimezidi 300,000 kwa mwaka.

Tuseme haki: mwenye viza hiyo anatakiwa kupewa malazi na nauli, na ujira wake una kiwango cha chini. Ni karatasi bora kuliko kipande cha mkonge. Hata hivyo viza imefungwa kwa mwajiri aliyemwomba. Akiacha kazi kwa sababu ya kuonewa, haki yake ya kukaa nchini inakuwa mashakani, naye anajua kwamba nyumbani kuna deni la safari linamngoja. Mtu wa namna hiyo atamshitaki nani? Nchi za Ghuba nazo kwa muda mrefu zimekuwa na utaratibu wa kafala unaofanana na huo.

Wala hatuwezi kupita bila kuitaja Israeli. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo kwa vitendo waliuawa katika mashambulizi ya tarehe 7 Oktoba 2023. Maelfu ya wafanyakazi wa Thailand walipoondoka mashambani, haikupita miezi miwili vijana 221 wa Malawi wakapelekwa kujaza nafasi, na Kenya ikatangaza kupeleka 1,500. Pengo la mashamba ya vita lilizibwa kwa kasi ambayo sijaiona katika kulipa madai ya kibarua.

Sisemi tuwafungie vijana milango. Fedha zinazotoka nje zimejenga nyumba na kusomesha wadogo zao, na asiye na kazi hashibi hotuba. Ila kabla ya kugonga muhuri tumsaidie kijana kuuliza: nani atashika pasipoti yake, je, anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine, na akiumia nani atamtibu baada ya kurudi? Ada ya wakala nayo isipite kimya; Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kwa kawaida unakataza mfanyakazi kutozwa. Na Serikali inapopatana na nchi nyingine, isihesabu nafasi peke yake. Idai pia akiba ya uzeeni, ili miaka ile ya nguvu isipotee bure.

Limebaki jambo moja, nalo halitupendezi. Kasulu iliyotoa manamba leo inapokea vibarua wa msimu kutoka Burundi, na wapo wanaonyimwa ujira mavuno yakishaingia ghalani, kwa kuwa mwenye shamba anajua hawana hati na hawatathubutu kwenda polisi. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 iliwaondoa wahamiaji kwa maelfu. Mashamba yalibaki na haja ile ile ya mikono. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010, lakini milango tuliyofungua ni ya wenye taaluma hasa, si ya mwenye jembe. Hati ya msimu yenye ada ndogo, itolewayo mpakani, isiyotaja jina la mwenye shamba, ingempa Mrundi yule uwezo wa kwenda kwa ofisa kazi wa wilaya kudai ujira wake bila hofu ya kurudishwa siku hiyo hiyo. Wenye kuandika mapendekezo ya namna hiyo ni watumishi kama ninyi mlioketi hapa.