Wanajua bei, lakini ya jiko gani?



Kamati ilipewa swali na wanachama wanaouza sokoni: hawa wakubwa tunaowapigia kura, wanajua namna tunaishi nyumbani? Swali hilo linarudi kila siku ya likelemba, tukihesabu pesa na kuona mutu amekosa mchango. Wengi wanajibu haraka: hapana, hawajui kitu. Sisi tunaona jibu hilo halitoshi. Wanajua bei. Shida ni kwamba wanajua bei ya jiko lingine.

Mwaka 2024 serikali ya Mama Judith Suminwa ilipunguza kodi ya vyakula vinavyotoka nje: mchele, nyama, kuku, samaki wa barafu, maziwa, sukari na vingine. Ni jambo jema, hatulikatai. Lakini hesabu hiyo ilifanywa Kinshasa, kule samaki wa barafu wanashukia bandarini Matadi na kupanda mpaka sokoni. Hapa Fizi tunakula bugali ya muhogo, sombe, ndakala wa ziwa na mawese. Muhogo wa shamba letu haupiti forodha. Unapita barabarani. Mvua ikinyesha lori linalala kwenye matope siku mbili, tatu, na kila kizuizi kiko na pesa yake. Gunia linapandia bei pale, katikati ya shamba na soko, na hatujasikia mtu wa bunge akisoma bei ya kizuizi.

Vitu vya dukani ni habari nyingine. Sabuni, chumvi na madaftari vingi vinatoka Kigoma kwa boti, na mwenye mali ananunua kwa shilingi ao dola. Sisi tunalipwa faranga. Mwaka 2018 sheria iliweka mshahara wa chini kuwa faranga 7,075 kwa siku. Wakati ule dola moja ilikuwa karibu faranga 1,600, kwa hiyo ilikuwa dola 4 na kidogo. Mwaka 2024 dola ilikuwa karibu 2,800, na pesa ileile ilikuwa dola 2 na nusu. Hakuna mkubwa aliyetia sahihi kuupunguza. Ulipungua wenyewe ndani ya mfuko. (Wengi wetu hata hizo 7,075 hatukuziona, lakini tuache.)

Martin Fayulu alisema hadharani kwamba mbunge wa taifa anapata dola 21,000 kwa mwezi. Kelele zilikuwa nyingi, wengine wakakataa. Hatutaki kugombana juu ya hesabu ile. Tunaangalia kitu kimoja tu: ilitajwa kwa dola. Mutu anayehesabu maisha yake kwa dola, faranga ikianguka, yeye hasikii maumivu.

Wakitaka, wanaweza kugusa nyumba zetu. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni bure, na Septemba 2019 ilianza kweli. Pesa ya kila mwezi tuliyokuwa tunamlipa mwalimu ilipungua, na watoto waliokuwa wanabaki nyumbani waliingia darasani. Lakini uniforme, viatu na sekondari vimebaki kwetu. Ndiyo sababu kila Septemba sanduku letu la mikopo linabaki tupu.

Kule Nyarugusu na Lugufu chakula kilipimwa kwa gramu. Kikipunguzwa tuliambiwa mbele, na kila mama alijua ni siku ngapi zitabaki bila unga. Hapa hakuna anayetangaza. Muuzaji anapiga kopo chini, linaingia ndani, bei inabaki ileile na unga umepungua.

Kwa hiyo kamati inaomba hivi. Kila kikundi kiandike kwa mwezi mzima gharama za nyumba kumi: unga, makala, sabuni, dawa, shule, safari. Mwandike bei na kipimo pia, ju ya hilo kopo. Kikao cha bunge kinafungwa tarehe 15 Desemba, kisha wabunge wanarudi kwa likizo. Tusiwapokee na ngoma tu. Tuwape daftari, na tuwaombe wasome kwa sauti mbele ya watu.

Ninyi wafadhili pia mtapewa nakala. Fomu zenu zinatuulizaka mapato. Mara chache zinauliza mtoto alikula mara ngapi ao makala ya wiki ilikuwa ngapi. Na pesa mnayoipanga Januari inakuja kununua vitu vya bei ya Septemba.

Madaftari yako kwa mwandishi, moja na bic moja kwa kila kikundi. Kikundi kisicho na mutu wa kuandika kichague mwanafunzi wa sekondari. Yarudishwe mbele ya mwisho wa Novemba.