Yasemwayo Kikundini ni Amana: Tiba ya Pamoja na Wajibu wa Nyumba

Maandishi ya hotuba kwa familia zizungumzazo Kiswahili nchini Uingereza



Barua hufika nyumbani ikitoka huduma ya afya ya akili, na ndani yake mna mwaliko: mgonjwa ahudhurie kikundi mara moja kwa wiki, kwa muda wa saa moja na nusu, pamoja na watu wengine sita au saba asiowajua. Mara nyingi jibu la kwanza la nyumba ni hapana. Dawa hueleweka. Daktari mmoja na mgonjwa mmoja, mlango umefungwa, hilo nalo hueleweka. Lakini kukaa duara mbele ya wageni na kuyataja yaliyomo moyoni, kwa watu waliolelewa katika sitara, huonekana kuwa ni kujivua nguo hadharani.

Hapana hiyo ina sababu zake na haifai kudharauliwa. Jumuiya ya Waswahili ughaibuni ni ndogo. Anayekohoa mtaa huu huombewa dua mtaa wa pili. Basi hotuba hii itaeleza kikundi cha tiba ni kitu gani, ni mambo gani hutokea ndani yake, na kwa nini wiki zile ambazo mgonjwa hutamani kuacha ndizo wiki ambazo nyumba inapaswa kumshika mkono.

Chanzo cha tiba hii

Kutibu watu kwa pamoja si jambo la jana. Mwaka 1905, katika mji wa Boston nchini Marekani, daktari Joseph Pratt aliwakusanya wagonjwa wa kifua kikuu ambao hawakuwa na uwezo wa kulipia matibabu ya mbali. Alikusudia kuwafundisha usafi, lishe na mapumziko. Akaona kwamba mkutano wenyewe uliwapa nguvu: mgonjwa aliyekata tamaa alimtazama mwenzake aliyeanza kupata nafuu, akajua kuwa njia ipo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika hospitali ya kijeshi ya Northfield mjini Birmingham, madaktari Wilfred Bion na S. H. Foulkes walifanya kazi na askari waliovunjika nyoyo kwa njia ya vikundi. Hapo ndipo tiba hii ilipotia mizizi nchini Uingereza.

Na asidhani mtu kuwa ni tiba ya Wazungu peke yao. Mwaka 2002, katika vijiji vya Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, watu wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyomtoka mtu, walikutanishwa kwa majuma 16, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na sonona kamili. Vikundi vilipomalizika, walibaki sita au saba. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, idadi ilishuka pia, kutoka 94 hadi 55 hivi katika kila 100. Tofauti baina ya sita na hamsini na tano ni kubwa, na waliotibiwa walikuwa wanavijiji waliokuwa na aibu na siri zao kama watu wengine wote.

Mfano wa Bi Zuhura

Ili jambo lieleweke, na tumchukue mwanamke wa mfano, ambaye jina lake na habari zake zimetungwa kwa ajili ya maelezo. Bi Zuhura ni mtu wa Tanga, anaishi na mumewe na watoto watatu katika mji mmoja wa England. Mama yake alifariki Tanga, naye hakuweza kusafiri kwa kuwa hati zake zilikuwa bado zinashughulikiwa. Mazishi aliyatazama kwenye simu. Tangu siku ile usingizi ulimpaa, chakula kikawa hakimpiti kooni, na shughuli za nyumba zikamwelemea. Daktari alimwandikia dawa, kisha akampeleka kwa muuguzi wa afya ya akili, naye akamwalika katika kikundi cha wanawake.

Wiki ya kwanza watu walikaa kimya, wakimtazama muuguzi kama wanafunzi wanaomngoja mwalimu aandike ubaoni. Wiki ya pili ikawa vivyo hivyo. Bi Zuhura alikuwa mpole kwa kila mtu; aliuliza hali za wenzake, akachukua visheti alivyopika mwenyewe, lakini habari zake hakuzitaja. Wiki ya tatu mama mmoja akamwambia kupitia mkalimani: "Wewe unatuuliza sisi kila siku, lakini wewe mwenyewe umejifungia. Hutuamini."

Maneno yale yalimchoma. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Baba Khadija, mimi kule sirudi tena."

Mumewe akamjibu, "Si nilikwambia, Mama Khadija? Mambo yetu tuyamalize wenyewe humu ndani."

Watu wengi huishia hapo, nao hudhani kuwa wameondoka katika jambo lililoshindikana. Ukweli ni kwamba wameondoka mlangoni, kabla ya kuingia.

Hatua za kikundi

Mwaka 1965 mtaalamu wa saikolojia Bruce Tuckman, baada ya kusoma maandishi mengi kuhusu vikundi, alieleza hatua ambazo kikundi hupitia. Kwanza ni kukusanyika: watu ni wapole, wanaogopa, wanamtegemea kiongozi kwa kila kitu. Pili ni kuvutana: upole huisha, mmoja humkosoa mwenzake, mwingine humlaumu muuguzi, mwingine hutaka kutoka. Tatu ni kupatana: watu hujiwekea ada zao na kuanza kuaminiana. Nne ni kutenda kazi yenyewe waliyoijia. Mwaka 1977, akiwa pamoja na Mary Ann Jensen, aliongeza hatua ya tano, nayo ni kuagana.

Si kila kikundi kinachofuata njia hiyo moja kwa moja. Kingine hurudi nyuma kila anapoingia mtu mpya. Lakini aliyezijua hatua hizi hupata faida kubwa: mvutano unapotokea, hasemi kuwa kikundi kimeharibika. Upole wa wiki ya kwanza ni upole wa watu wasiojuana. Mtu anapothubutu kusema, "Maneno yako yameniumiza," na asifukuzwe, ndipo anapojua kuwa mahali pale pana nafasi ya maumivu makubwa zaidi.

Muuguzi alimpigia simu Bi Zuhura. Hakumsihi wala hakumlaumu. Alimwomba aje mara moja tu, awaeleze wenzake kwa nini anataka kuacha. Bi Zuhura akaenda, akasema kuwa aliumia. Yule mama akamwomba radhi, akaeleza kuwa yeye hutishwa na watu wanaojificha, kwa sababu mama yake mzazi alificha maradhi mpaka siku ya mwisho. Aliposikia neno mama, Bi Zuhura alilia, na kwa mara ya kwanza akayataja mazishi yale ya kwenye simu. Mwanamke wa tatu, aliyetoka nchi nyingine na mwenye dini nyingine, akainua uso na kusema, "Mimi pia."

Daktari Irvin Yalom wa Marekani, katika kitabu chake kuhusu tiba ya vikundi kilichotoka mwaka 1970, alitaja mambo yanayoponya ndani ya kikundi. Mojawapo ni hilo: mtu kugundua kuwa hayuko peke yake. Jingine ni tumaini linalotokana na kumwona aliyetangulia akipata nafuu. Na jingine, ambalo watu wetu watalitambua upesi, ni kumfaa mwenzako. Mgonjwa aliyezoea kuhudumiwa na kuonewa huruma huona ghafla kwamba neno lake limemsaidia mtu, naye hurudi nyumbani akiwa na thamani machoni pake mwenyewe.

Kazi ya muuguzi

Muuguzi anayeongoza kikundi huonekana kama mtu anayekaa tu na kusikiliza. Kazi yake huanza mapema. Hukutana na kila mgonjwa peke yake kwanza, apime kama wakati wake umefika. Mtu aliyechanganyikiwa sana au aliye katika hatari kubwa huhitaji huduma nyingine kabla ya kikundi. Mara nyingi wauguzi huwa wawili: mmoja anafuata mazungumzo, wa pili anawatazama walio kimya. Humzuia kwa adabu anayesema peke yake saa nzima, asiwafunge wengine vinywa. Humfungulia mlango mnyamavu bila kumlazimisha. Zaidi ya yote, humlinda yule ambaye kikundi kimeanza kumtwika lawama zote, kwa maana kila mkusanyiko wa watu, hata ukoo, una tabia ya kumtafuta mmoja wa kubebeshwa mzigo.

Inafaa pia kujua kwamba vikundi si vya namna moja. Katika wodi kuna mkutano wa wagonjwa na wauguzi wa kupanga mambo ya siku. Kuna vikundi vya kufundisha habari za ugonjwa na dawa, vya kujifunza kutuliza wasiwasi, vya mazungumzo ya ndani kama kile cha Bi Zuhura, na vya jamaa wanaowauguza wagonjwa. Uliza ni kikundi cha aina gani kabla ya kukubali au kukataa.

Amana na mipaka yake

Waislamu wamefunzwa kuwa yasemwayo katika kikao ni amana. Kikundi cha tiba husimama juu ya msingi huo huo. Siku ya kwanza washiriki hukubaliana kuwa ya humu hayatoki nje, na kwamba mkikutana sokoni au harusini, hakuna atakayemwambia mtu mlijuana wapi. Muuguzi naye amesajiliwa, na kanuni za kazi yake zinamtaka atunze siri za wagonjwa. Washiriki wenzako hawafungwi na sajili hiyo; wao hufungwa na ahadi yao. Kwa hiyo una haki ya kufungua moyo polepole, kadiri imani inavyokua.

Amana hiyo ina mipaka, nayo husemwa wazi tangu mwanzo. Muuguzi huandika kumbukumbu na hushauriana na wenzake wanaomtibu mgonjwa huyo. Na panapokuwa na hatari ya mtu kujiua, kumdhuru mwingine, au mtoto kudhuriwa, muuguzi analazimika kuwaarifu wanaohusika ili maisha yaokolewe. Mwenye shaka juu ya nini kinaandikwa na nani anakisoma, aulize siku ya kwanza. Si utovu wa adabu.

Kuhusu lugha, huduma za afya za umma hutoa mkalimani bila malipo. Asitumiwe mtoto wala jirani. Mgonjwa anaweza kuomba mkalimani wa jinsia yake, asiyetoka katika mji wake, na anaweza kuuliza kama kipo kikundi cha wanawake au cha wanaume peke yao. Wakati wa swala, na mwezi wa Ramadhani, ni mambo ya kuyataja mapema ili yapangiwe. Wala kikundi hakishindani na dua na kisomo, na dawa zisiachwe bila ushauri wa daktari.

Wajibu wa nyumba

Mumewe Bi Zuhura hakushawishika kwa hotuba. Aliona tu kwamba mkewe, aliporudi siku ile akiwa na macho mekundu, alikaa mkekani akala pamoja na watoto. Alitaka kuuliza, "Mmesema nini huko?" Akajizuia. Akasema, "Umerudi salama, Mama Khadija? Chai ipo." Jumanne zilizofuata yeye ndiye aliyekwenda kuwachukua watoto shuleni.

Hivyo ndivyo nyumba inavyosaidia. Usimpeleleze mgonjwa kuhusu wenzake. Siri za watu wengine si zake kuzileta wala si zako kuzipokea. Msaidie kwa nauli, kwa watoto, kwa saa. Akirudi amenuna au amelia, usikimbilie kusema kuwa anaharibiwa. Akitaka kuacha, mwambie aende mara moja zaidi akaseme hivyo kikundini. Na kikundi kinapomalizika, tambua kwamba kuagana nako kunauma, hasa kwa mtu aliyewahi kufiwa bila kuaga.

Mwenye huzuni au wasiwasi usiokwisha anaweza kuanza kwa daktari wa familia. Kwa wanaoishi England, anaweza pia kujipeleka mwenyewe kwenye huduma ya tiba ya mazungumzo bila barua ya daktari. Hali ikiwa mbaya, usiku au mchana, piga simu 111 na uchague namba 2 kwa afya ya akili. Uhai ukiwa hatarini, piga 999. Taja neno "Swahili" na uombe mkalimani.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema maradhi yatangazwe sokoni. Kuna mahali baina ya kuficha na kutangaza: chumba chenye viti vichache, watu walioahidiana, na mlango uliofungwa.