MWANAMKE NA ELIMU YA JUU: MATAIFA YANATUFUNDISHA NINI?

Mada kwa Semina ya Viongozi wa Walei



Mada niliyopewa yanitaka nilinganishe mataifa kuhusu wanawake wanaoendelea na masomo baada ya sekondari. Huenda mtu akauliza: takwimu za vyuo zahusianaje na Haki na Amani? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulifundisha kwamba ubaguzi katika haki za msingi, ukiwemo ule wa jinsia, wapingana na mpango wa Mungu. Miongoni mwa mifano yake, ulitaja mwanamke anayenyimwa elimu iliyo sawa na ile ya mwanamume. Basi tunazungumzia imani yetu.

1. Hali ilivyo

Vipo vipimo viwili. Cha kwanza chauliza: walioandikishwa vyuoni ni wangapi, wakilinganishwa na vijana wote wa rika hilo? Cha pili chauliza: penye wanaume 100 chuoni, wanawake ni wangapi?

Kwa takwimu za UNESCO, mwaka 2000 kiwango cha uandikishaji duniani kilikuwa asilimia 19 kwa wanawake na kwa wanaume pia. Kufikia mwaka 2018, wanawake walikuwa asilimia 41 na wanaume asilimia 36. Lakini katika Afrika kusini mwa Sahara, mwaka huo huo, penye wanaume 100 palikuwa na wanawake 73 tu. Tena kiwango cha jumla, wake kwa waume, hakikufika asilimia 10. Maana yake, hata kama tungelingana, tungekuwa tumegawana uchache.

2. Sababu si maumbile

Wapo wanaosema kwamba Mungu hakumwumba mwanamke kwa vitabu. Mataifa yanawakanusha.

Tazameni Lesotho. Huko wanawake vyuoni ni wengi kuliko wanaume. Kwa miaka mingi wavulana walitumwa kuchunga mifugo, kisha wakaenda migodini Afrika Kusini; dada zao wakabaki shuleni. Tofauti hiyo ilitokana na mgawanyo wa kazi.

Tazameni Uganda. Chuo cha Makerere kilipokea wanawake wa kwanza mwaka 1945, nao walikuwa sita. Kufikia mwaka 1990 walikuwa takriban robo ya wanafunzi wote. Ndipo kilipoamuliwa kwamba kila msichana anayeomba nafasi aongezewe alama 1.5. Miaka kumi na mitano baadaye walikuwa wanakaribia nusu.

Afghanistan ilikwenda kinyume. Mwezi Desemba 2022 watawala wa Taliban waliwafungia wanawake milango ya vyuo vikuu. Walioketi darasani juma moja, juma lililofuata walirudishwa nyumbani. Akili zao hazikuwa zimepungua.

Na kwetu Tanzania? Miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa sheria waliopokelewa Dar es Salaam mwaka 1961 alikuwemo mwanamke mmoja tu, Julie Manning. Mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria.

Basi, pengo hili limejengwa na maamuzi ya wanadamu. Lililojengwa na maamuzi laweza kubomolewa na maamuzi.

3. Malango ya nyumbani

Baadhi ya maamuzi ni ya Serikali. Mwezi Novemba 2021 Serikali yetu iliruhusu msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito arudi shuleni. Mwaka 2022 ada ilifutwa katika kidato cha tano na cha sita. Tushukuru. Lakini lango la shule likisha kufunguliwa, lipo bado lango la nyumbani. Nani atamlea mtoto mama yake akiwa darasani? Kaka anaposoma jioni, nani yuko kisimani na jikoni? Na fedha zikitosha mtoto mmoja, je, tunatazama uwezo au tunatazama jinsia?

Ndugu zangu, sisi ni hodari wa michango. Binti akiposwa, kamati ya harusi huundwa upesi. Kadi husambazwa, na fedha hupatikana hata kwa wasio na uwezo. Binti huyo huyo akifaulu kidato cha sita na kukosa nauli ya kwenda chuoni, ni kamati ipi inayokaa? Sisemi arusi zisiwepo. Nasema kwamba fedha zipo, na tumekwisha amua zinakokwenda.

Bwana wetu alimsifu Mariamu aliyeketi miguuni pake kusikiliza mafundisho, wakati nduguye alitaka aitwe kwenye shughuli za nyumba. Tusiwe sisi wa kumwinua aliyeketi kujifunza.

4. Tufanye nini?

Kila jumuiya ndogo ndogo iwafahamu wasichana wake walio kidato cha nne na cha sita. Parokia iwasaidie kupata mapema cheti cha kuzaliwa na kujaza fomu za Bodi ya Mikopo, kwa maana wengi hukwama hapo. Na kila kamati ya harusi itenge sehemu ya michango kwa ajili ya elimu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika jumuiya yetu, wasichana wangapi wamefika chuoni? Wavulana je?
2. Aliyeacha shule kwa ujauzito, tulimpokeaje?
3. Ni uamuzi gani mmoja tutakaoubadilisha mwaka huu?

Mungu awabariki nyote.